Falanga Mbili Zenye Jina Moja

Katika kijiji kimoja karibu na Mambasa, kando ya barabara iendayo Komanda, aliishi mzee mmoja pamoja na mjukuu wake, msichana wa mwaka wa sita. Siku moja mvua kubwa ilinyesha na paa la majani likavuja. Msichana akapanda juu ya kiti ili aondoe mizigo iliyowekwa juu ya boriti, isilowe maji. Huko juu akakuta kopo la zamani la maziwa, limefungwa kwa kamba. Akalitikisa. Halikulia kama kopo lenye sarafu. Akashuka nalo.

“Babu, kopo hili lina nini?”

“Lina mabati,” akajibu mzee.

Mtoto akalitazama kopo, akamtazama babu yake, asielewe neno. Mzee akafungua kamba polepole. Ndani mlikuwa na noti hamsini za zaire moja moja, zimekunjwa vizuri, na chini yake noti moja ya zaire milioni tano.

Ndipo mzee akaeleza. Alipokuwa kijana alilima kahawa, akaiuza, akaweka akiba kidogo kidogo mpaka akafikisha falanga 50.000. Feza hizo zilikuwa za mabati ya nyumba. Mwaka 1967 serikali ilibadili feza, naye akapewa zaire 50 badala ya falanga zake. Mabati yalipofika dukani yeye alikuwa mgonjwa. Mwaka uliofuata bei ilikuwa imepanda, akasema moyoni, nitangoje kidogo, itashuka. Akangoja. Ile noti ya milioni tano aliipata baadaye sana, katika mwaka 1993, kwa mfanyabiashara mmoja aliyekuwa na haraka ya kuiondoa mkononi mwake.

“Babu, zile falanga zako 50.000 zingekuwa falanga ngapi leo?”

“Mwulize mwalimu wako. Mimi nilijaribu kuhesabu, nikapotea katika sifuri.”

Kesho yake msichana akapeleka swali shuleni. Mwalimu aliliandika ubaoni, akawauliza watoto wote. Mvulana mmoja wa benchi la mbele akainua mkono haraka: “Ni falanga 50.000, Mwalimu. Falanga ni falanga.” Wengi wakakubali kwa kichwa.

Mwalimu hakucheka. Kosa lile lilikuwa kosa la jina, na majina huwadanganya hata watu wazima. Falanga ya zamani na falanga ya sasa ni feza mbili zenye jina moja, na kati yao kuna namba kubwa sana. “Tuitafute namba hiyo kwanza,” akasema, “kisha tutajibu swali la babu.”

Feza za Kongo zilibadilishwa mara tatu. Mwezi wa sita mwaka 1967 serikali iliacha falanga, ikaweka feza mpya, jina lake zaire. Aliyeleta falanga 1.000 alipewa zaire 1. Ilikuwa feza nzito: zaire moja ililingana na dola 2 za Marekani. Iligawanywa katika makuta 100, na kila likuta katika sengi 100. Makuta hayo yalizoewa sana sokoni, na ndiyo sababu hata leo watu wengi wa Kongo wakisema makuta wanataka kusema feza yoyote.

Mabadiliko ya pili yalikuja mwezi wa kumi mwaka 1993. Zaire ilikuwa imeanguka. Serikali ikatoa zaire mpya, na aliyetaka zaire mpya 1 alitoa zaire za zamani 3.000.000. Hiyo nayo ikaanguka, tena upesi. Basi tarehe 30 Juni 1998, siku ya kumbukumbu ya uhuru, jina la falanga likarudi. Falanga hiyo 1, ndiyo tunayonunulia chumvi na sabuni hata sasa, ilichukua mahali pa zaire mpya 100.000.

Je, feza huangukaje? Mwalimu alitoa mfano wa soko dogo. Sokoni kuna vikapu kumi vya mihogo na noti kumi, basi kila kikapu chauzwa kwa noti moja. Usiku mtu mwenye mashini ya kupiga noti anaongeza noti kumi nyingine. Asubuhi vikapu ni vilevile kumi, lakini noti ni ishirini, na kila kikapu sasa chauzwa kwa noti mbili. Hakuna mhogo ulioongezeka. Serikali ya nyakati zile ilitumia feza nyingi kuliko ilizokusanya, ikajaza pengo kwa kupiga noti, mwaka baada ya mwaka.

Sasa hesabu yenyewe. Ili kupata falanga 1 ya mwaka 1998 tunahitaji zaire mpya 100.000. Kila moja ya hizo ni zaire za zamani 3.000.000. Na kila moja ya hizo ni falanga za zamani 1.000. Tunazidisha:

1.000 × 3.000.000 × 100.000

Watoto waliogopa, lakini hesabu hii ni nyepesi kuliko hesabu nyingi fupi. Zidisha kwanza tarakimu zisizo sifuri: 1 mara 3 mara 1 ni 3. Kisha hesabu sifuri: tatu, na sita, na tano, jumla kumi na nne. Andika 3, ufuatishe sifuri kumi na nne, ukiweka nukta baada ya kila tarakimu tatu kuanzia kulia:

300.000.000.000.000

Hiyo ndiyo namba iliyosimama kati ya falanga na falanga. Kuisoma kwahitaji uangalifu. Elfu mara elfu ni milioni. Milioni mara elfu twaiita miliari, kwa desturi ya Kifaransa. Miliari mara elfu, kwa desturi hiyohiyo, ni bilioni. Kwa hiyo mtoto wa Mambasa asomaye kwa njia ya Kifaransa atasema: bilioni mia tatu. Lakini wafanyabiashara watokao Uganda na Kenya wamejifunza kwa njia ya Kiingereza, nao husema bilioni wakitaka kusema miliari yetu. Namba hii wao wataiita trilioni mia tatu. Hapa tena jina moja lina maana mbili! Ukiuza au kununua na mgeni, mwombe aandike sifuri zake.

Ni kubwa kiasi gani? Tuseme mtu aanze kuhesabu moja, mbili, tatu, akitaja namba moja kwa kila sekunde, bila kula wala kulala. Siku moja ina sekunde 86.400, na mwaka wa siku 365 una sekunde 31.536.000. Ukigawanya, utaona kwamba mtu huyo angehitaji zaidi ya miaka 9.500.000 kufika mwisho. Kwa hiyo mtu mmoja hawezi. Lakini watu wa dunia nzima wakisaidiana? Wako yapata miliari 8. Kila mmoja, na mtoto mchanga vilevile, angepewa sehemu yake ya kuhesabu: namba 37.500. Wangeanza wote saa kumi na mbili asubuhi, na saa kumi na dakika ishirini na tano alasiri kazi ingekwisha.

Au tazama daftari lako. Karatasi kumi zikibanwa pamoja hufikia unene wa milimita moja hivi. Lau karatasi 300.000.000.000.000 zingepangwa moja juu ya nyingine, urefu wake ungekuwa kilomita 30.000.000. Mwezi uko mbali nasi kilomita 384.000 hivi. Rundo hilo lingeupita mwezi, na kuendelea, mpaka sehemu ya tano ya njia iendayo kwenye jua.

Mtu akiona ukubwa huo hudhani kwamba ndani ya namba mna mambo mengi magumu. Mwalimu akawaambia watoto waifungue, kama fundi anavyofungua saa, waone vipande vyake.

Kuna namba zisizogawanyika ila kwa 1 na kwa zenyewe: 2, 3, 5, 7, 11, 13 na nyingine nyingi. Zaitwa namba tasa. Kila namba nyingine imejengwa kwa kuzidisha namba tasa. Kwa mfano 12 ni 2 × 2 × 3. Na 10 ni 2 × 5. Angalieni vizuri hiyo 10, kwa maana ndiyo ufunguo. Kila sifuri ya mwishoni ni 10 moja iliyozidishwa, na kila 10 inaleta 2 moja na 5 moja. Namba yetu ina sifuri kumi na nne. Basi ina 2 kumi na nne, na 5 kumi na nne, na mbele yake ile 3 moja. Imekwisha. Tafuta ndani yake mpaka jua lizame, hutapata 7, wala 11, wala namba tasa nyingine yoyote. Jitu lile lote limejengwa kwa matofali ya namna tatu tu.

Watoto wawili wakaitwa ubaoni. Mmoja akazidisha zile 2 kumi na nne: 2, 4, 8, 16, 32, akaendelea mpaka akafika 16.384. Mwingine akazidisha zile 5 kumi na nne, akachoka, akasaidiwa, akafika 6.103.515.625. Hakuna hata moja ya namba hizo mbili iishiayo kwa sifuri. Lakini zizidishe moja kwa nyingine, nawe utapata 100.000.000.000.000, 1 yenye sifuri kumi na nne kamili. Mwenye kupenda na ajaribu nyumbani kwa karatasi pana. Inafaa sana siku ya mvua.

Kwa kuwa sasa twajua matofali, twaweza kuhesabu vigawanyo, yaani namba zote zinazoigawanya bila baki. Jaribu kwanza kwa namba ndogo. Katika 12 mna 2 mbili na 3 moja. Ili kutengeneza kigawanyo cha 12, chukua 2 yoyote ile idadi unayotaka: usichukue, au chukua moja, au mbili. Hizo ni njia tatu. Kisha chukua 3 au uiache: njia mbili. Tatu mara mbili ni sita, na kweli vigawanyo vya 12 ni sita: 1, 2, 3, 4, 6 na 12. Katika namba yetu kubwa, za 2 zina njia kumi na tano (tangu kutochukua hata moja mpaka kuzichukua zote kumi na nne), za 5 zina njia kumi na tano, na ile 3 ina njia mbili. 15 × 15 × 2 ni 450. Namba ina vigawanyo 450, nasi tumevijua bila kugawanya hata mara moja.

Mvulana wa benchi la mbele akauliza jambo la maana: “Mwalimu, ile 3 imetoka wapi? Sifuri zote ni za 10, mbona 3 iko peke yake?”

Ilitoka katika mabadiliko ya mwaka 1993. Mwaka 1967 waligawanya kwa 1.000, na mwaka 1998 kwa 100.000; hizo ni namba za 10 tupu, na kuzigawanya ni kufuta sifuri tu. Lakini mwaka 1993 hawakuchukua milioni moja, walichukua milioni tatu. Sasa tazameni noti za Kongo zinazotumika: 50, 100, 200, 500, 1.000, 5.000, 10.000, 20.000. Zivunjeni moja moja. Zote zimejengwa kwa 2 na 5 tu. Hakuna hata moja yenye 3 ndani yake. Kwa hiyo 3 ni mgeni katika nyumba ya feza. Ukigawanya 10, au 100, au 1 yenye sifuri nyingi kiasi chochote, kwa 3, daima itabaki 1. Labda yule aliyechagua milioni tatu hakuwa mtu wa kuuza sokoni.

Mwalimu akachukua noti ya mzee ya milioni tano, akaiinua watoto wote waione. Noti hiyo ina habari yake ya huzuni. Ilipotolewa, Waziri Mkuu Étienne Tshisekedi alisema kwamba si feza halali, lakini Rais Mobutu alitaka itumike. Mwisho wa mwezi wa kwanza mwaka 1993 askari wa Kinshasa walilipwa mshahara kwa noti hizo. Walipokwenda kununua vitu, wafanyabiashara wakazikataa. Askari wakakasirika, wakapora maduka na nyumba, na watu wengi wakafa. Balozi wa Ufaransa naye aliuawa katika siku hizo.

“Tuseme mtu alikuwa na noti moja kama hii mwezi wa kumi wa mwaka ule,” akasema Mwalimu. “Alistahili zaire mpya ngapi?”

Watoto wakagawanya 5.000.000 kwa 3.000.000. Zaire mpya 1, na zikabaki 2.000.000 ambazo ni theluthi mbili za zaire mpya. Zaire mpya ilikuwa na makuta mapya 100; theluthi mbili zake ni makuta 66 na theluthi mbili za likuta. Nani angempa theluthi mbili za likuta? Mtu mwenye noti moja hawezi kulipwa sawasawa, wala mwenye noti mbili. Ni lazima wakutane watu watatu wenye noti moja moja: milioni kumi na tano zikigawanywa kwa milioni tatu ni 5, pasipo baki. Kisha hao watatu wanabaki na zaire mpya 5 mkononi, nao wapaswa kuzigawanya kati yao! Na 5 haigawanyiki kwa 3. Watoto wakacheka sana. Yule mgeni wakimtoa mlangoni, anarudi dirishani.

Tumesema kwamba 7, 11 na 13 hazimo katika namba yetu. Kuna njia nzuri ya kuhakikisha hilo upesi, na nukta tulizoweka zinatusaidia. Zidisha 7 × 11 × 13. Utapata 1.001. Elfu moja imepungukiwa na 1 tu ili ifike hapo. Kwa sababu hiyo, namba ikiwa imegawanywa kwa nukta katika mafungu ya tarakimu tatu, anza fungu la kulia kabisa: ongeza la kwanza, toa la pili, ongeza la tatu, toa la nne, hivyo hivyo mpaka mwisho. Jibu likigawanyika kwa 7, namba nzima yagawanyika kwa 7. Na vivyo hivyo kwa 11 na kwa 13. Na kama jibu lina baki, hiyo ndiyo baki ya namba nzima.

Mwambie mwenzako aandike namba yoyote ya tarakimu tatu, kisha aiandike tena pembeni yake: 742.742. Ukitoa fungu moja katika jingine inabaki sifuri. Basi mwambie bila hofu kwamba namba yake itagawanyika kwa 7. Agawanye: 106.106. Jibu hilo litagawanyika kwa 11: 9.646. Na hilo kwa 13: 742, namba aliyoanza nayo. Atafikiri wewe ni mganga.

Sasa namba yetu: mafungu matano. 000, toa 000, ongeza 000, toa 000, ongeza 300. Jibu ni 300. Gawanya 300 kwa 7, inabaki 6. Kwa 11, inabaki 3. Kwa 13, inabaki 1. Basi hazimo. Na 9 je? Jumlisha tarakimu zote: 3 na sifuri tupu ni 3. Yagawanyika kwa 3, lakini si kwa 9.

Namba 7 ilikuwa na kazi yake mahali pengine. Mwaka 1993 watu wa Kasai walikataa zaire mpya. Waliogopa noti hizo zingewaletea bei kupanda, wakaendelea kununua na kuuza kwa zaire za zamani. Mashini hazikupiga tena zaire za zamani, na hivyo feza ya Kasai haikuanguka upesi kama ya wengine. Siku ya falanga mwaka 1998 ilipofika, kulikuwa na bei mbili. Kwa njia ya zaire mpya, falanga 1 ni sawa na zaire za zamani 300.000.000.000. Kwa watu wa Kasai, falanga 1 ilitolewa kwa zaire za zamani 14.000.000 tu. Noti ni ileile, picha ni ileile! Ukitaka kujua zaire ya Kasai ilikuwa na nguvu mara ngapi, gawanya namba kubwa kwa ndogo. 14 ni 2 × 7, na ile 7 hutaipata katika 300.000.000.000, kwa hiyo kabla ya kuanza wajua kwamba kutakuwa na baki. Jibu ni mara 21.428 na sehemu nne za saba.

Kengele ilikuwa karibu kulia, na swali la mzee lilikuwa bado juu ya ubao. Mwalimu akamwita msichana mwenyewe alijibu.

Akaandika 300.000.000.000.000, na chini yake 50.000. Akafuta sifuri nne juu na sifuri nne chini. Zikabaki 30.000.000.000 na 5. Akagawanya: 6.000.000.000.

Watoto wakanyamaza, kwa maana hawakujua mara moja namba hiyo inasema nini. Si falanga miliari sita. Ni kinyume chake. Falanga 50.000 za zamani ni sehemu moja ya falanga 1 ya mwaka 1998, falanga hiyo ikikatwa sehemu miliari sita. Mtu mmoja mwenye kopo kama la mzee hakuweza kupata kitu. Ilihitajiwa makopo miliari sita ili kupata falanga moja. Na mwaka 1999 Umoja wa Mataifa ulihesabu watu wa dunia, ukasema wamefika miliari sita. Lau kila mtu duniani, wa Asia na wa Ulaya, mzee na mtoto, angalikuja na zaire zake hamsini kama za babu, wote pamoja wangalipata falanga moja. Na mwaka 2024 hiyo falanga moja haikuwa hata na noti yake sokoni, na dola moja ya Marekani ililipwa kwa falanga zaidi ya 2.000.

Jioni msichana alirudi nyumbani na daftari lake. Mvua ilikuwa imekatika. Mzee alikuwa ameketi nje, akichambua maharagwe ya mbegu juu ya ungo. Msichana akamsomea hesabu yote, tangu mwanzo, naye mzee akasikiliza bila kumkatiza. Alipofika kwenye makopo miliari sita, mzee akainua kichwa.

“Miliari sita. Na falanga moja yanunua nini?”

“Hakuna kitu, Babu.”

Mzee akatikisa kichwa, akacheka kidogo. “Mabati yalikuwa arobaini,” akasema. “Niliyahesabu mwenyewe dukani. Hayo sikusahau.”

Akazitoa zile noti, akampa mjukuu wake azipeleke shuleni, zikae pamoja na vitu vya kufundishia. Kisha akalichukua kopo, akalipangusa ndani kwa kitambaa, akatazama juani kama halina tundu. Halikuwa na tundu. Akalijaza maharagwe ya mbegu, akalifunga kwa kamba ileile, akamwambia msichana alirudishe juu ya boriti, upande usiovuja.

Hesabu za kufanya

1. Mwezi wa kumi mwaka 1993 mtu alikuwa na zaire za zamani 45.000.000, na jirani yake 40.000.000. Kila mmoja alistahili zaire mpya ngapi? Nani kati yao alibaki na sehemu ya likuta?

2. Vunja 300 katika namba tasa. Hesabu vigawanyo vyake kwa njia ya matofali, kisha viandike vyote uone kama hesabu yako ni kweli.

3. Kwa kutumia mafungu ya tarakimu tatu, jaribu kama 1.002.001 yagawanyika kwa 7, kwa 11 na kwa 13.

4. Mtu akihesabu namba moja kwa kila sekunde bila kupumzika, atafika milioni moja baada ya siku ngapi, saa ngapi na dakika ngapi?

5. Mwulize mzee wa nyumbani kwenu bei ya chumvi au sabuni alipokuwa kijana, na jina la feza aliyolipia. Iandike, kisha uihesabu katika falanga za mwaka 1998.